Upana wa Stirio Katika Albamu: Anza na Spika Moja

Albamu ya benga (muziki wa gita wa Wajaluo) ikishatoka studio hapa Kisumu haibaki kwenye hedifoni za prodyusa. Itapigwa kwenye matatu ya Kakamega, ambamo abiria aliyekaa dirisha la kulia anasikia spika ya kulia tu. Itapigwa kwenye redio ya bodaboda yenye spika moja, na kwenye baa za Kondele ambazo nyingi hujumlisha kushoto na kulia kuwa mono. Ndiyo maana katika mastaringi, yaani matayarisho ya mwisho ya nyimbo zilizokwisha kumiksiwa, upana wa stirio (jinsi sauti zinavyotandazwa kati ya kushoto na kulia) ni uamuzi wa mwisho, baada ya wimbo kuthibitika kwamba unasimama kwenye spika moja. Wengi huanza na plagini (programu ndogo ya studio) ya kupanua, kisha wanauliza gita la pili limeenda wapi.

Kupima ni rahisi. Geuza wimbo uwe mono na uzime spika moja. Ukiacha zote mbili zikilia, sikio hujitengenezea katikati ya kubuni na besi huonekana nene kuliko ilivyo. Ala iliyowekwa upande mmoja kabisa itashuka kwa takriban desibeli 3 dhidi ya sauti ya mwimbaji. Hiyo ni kawaida. Ikishuka zaidi, au ikisikika kama inapigwa ndani ya mtungi, kuna shida ya fezi, yaani mawimbi ya kushoto na kulia yanafutana.

Kwenye benga shida hiyo mara nyingi huanzia kwenye miksi, pale ala zote zinapochanganywa. Badala ya mpiga gita kurekodi mara mbili, traki moja imenakiliwa, nakala ikacheleweshwa milisekunde 10 hivi na kutupwa upande wa pili. Kwenye hedifoni ni tamu sana. Jumlisha pande hizo mbili uone: ucheleweshaji wa milisekunde 10 unakata sauti kwenye masafa ya Hz 50, 150, 250, na kuendelea hivyo kila Hz 100. Mashimo hayo hayajazwi na ikwalaiza yoyote (ya kupandisha au kushusha masafa) ya mastaringi, na kubana stirio kunayaleta hata pale ambapo hayakuwa yakisikika. Rudisha wimbo kwa aliyeumiksi. Gita lirekodiwe upya kwa upande wa pili, au nakala ifutwe na gita libaki moja.

Wimbo ukipita hapo, gawanya kazi kuwa kati na pembeni: kati ni jumla ya kushoto na kulia, pembeni ni tofauti yake. Huhitaji kununua kitu. MSED ya Voxengo ni ya bure na inapandisha au kushusha kila sehemu kivyake; SPAN, ya kampuni hiyo hiyo na ya bure pia, inachora masafa ya wimbo na ina mita ya korileshoni, inayoonyesha kushoto na kulia zinafanana kiasi gani. Mita ikicheza kati ya +0.3 na +0.8 uko salama. Ikigusa chini ya sifuri kwa kufumba na kufumbua si neno. Ikikaa huko, mono itakula wimbo.

Kata besi ya pembeni chini ya Hz 100 hadi 120, kwa mteremko mpole wa desibeli 12 kwa oktavu. Besi ya benga inatembea juu, haitulii chini kama ya rege, kwa hiyo ukipanda hadi Hz 200 unaanza kuhamisha noti zake zenyewe. Ukitaka hewa, yaani mng'ao wa sauti za juu, pandisha pembeni desibeli 1 au 1.5 kuanzia Hz 7,000 kwenda juu. Ikizidi hapo, kayamba na hai-hati zinaruka mbele na riverbu (mwangwi) inammeza mwimbaji. Akizama, usimpandishe yeye kwanza. Shusha pembeni desibeli 1 kati ya Hz 2,000 na 4,000, atatokea mwenyewe.

Kompresa, inayoshusha sauti inapozidi, iwe imeunganishwa pande zote mbili. Isipounganishwa, solo la gita likipaa kushoto, upande huo unasukumwa chini na mwimbaji anateleza kwenda kulia kila solo linapoingia. Kisha limita, inayozuia vilele visipite dari, iwe ya mwisho kabisa kwenye mnyororo wa plagini, dari yake -1 dBTP (desibeli za kilele halisi). Upana uje kabla yake, kwa sababu kupandisha pembeni kunaongeza vilele vya kushoto na kulia.

Sasa albamu yenyewe, na hapa ndipo kazi ilipo. Tuseme nyimbo tatu zimerekodiwa Kisumu, nne Nakuru, moja ni ya zamani. Omba WAV (faili za sauti zisizobanwa) za biti 24 zisizo na limita, na utazame kila faili kwenye SPAN: ikikatika ghafla karibu na Hz 16,000, huenda ni MP3 iliyovalishwa koti la WAV, na pembeni yake imeshaharibika. Hiyo usiipanue kamwe.

Chagua wimbo mmoja wenye miksi bora uwe kipimo. Kata sekunde 20 za kiitikio cha kila wimbo, zipange kwenye mradi mmoja wa programu ya studio, na uruke kutoka kimoja hadi kingine. Linganisha sauti ya mwimbaji, si namba ya mita. Msikilizaji hajui LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi unavyosikika. Anajua tu kwamba wimbo wa nne mwimbaji amerudi nyuma. Mwimbaji akishakaa sawa kote, ndipo ulinganishe besi, na upana uwe wa tatu.

Usilazimishe nyimbo zote ziwe na upana mmoja. Wimbo wa nyatiti (ala ya nyuzi ya Wajaluo) na sauti moja una haki ya kuwa mwembamba, na ukiupanua utasikika wa bandia. Uache pia uwe chini kwa LU 2 au 3 (LU moja ni sawa na desibeli moja) kuliko nyimbo za dansi. Spotify husawazisha hadi -14 LUFS, lakini albamu ikichezwa kwa mpangilio wake inasawazishwa kwa pamoja, kwa hiyo tofauti hizo zinabaki. Ohangla nayo, muziki wa ngoma wa Wajaluo, ngoma zake zikiwa zimeenea pande zote, haihitaji kuongezwa chochote.

Mwisho sikiliza viungo tu: sekunde 10 za mwisho za kila wimbo na 10 za mwanzo wa unaofuata, kwanza stirio, kisha spika moja. Wimbo mpana ukimpisha mwembamba na sikio likashtuka, punguza ule mpana nusu desibeli ya pembeni, au ubadilishe mpangilio wa nyimbo.