Barua za Delany kwa Douglass, na gazeti lisilo na hela

Siku hizi nasoma barua ambazo Martin Delany alikuwa anamtumia Frederick Douglass kuanzia mwaka 1848, wote wawili Wamarekani weusi waliopigania kukomesha utumwa, na jamani hawa watu walihangaika. Gazeti lao, North Star, lilianza Desemba 1847 pale Rochester, New York, kwa hela walizochanga marafiki wa Uingereza, na kina Garrison, wapinga utumwa wazungu wa Boston, walishamwambia Douglass aachane na wazo hilo. Delany naye hakuwa mgeni wa hii njaa, alishakuwa na gazeti lake The Mystery kule Pittsburgh.

Basi wakagawana, Douglass anashika ofisi huku naye akitoka kuhutubia, Delany anazunguka Pennsylvania na Ohio huko anaongea na watu, anatafuta wa kulipia gazeti dola 2 kwa mwaka, halafu akipata nafasi anakaa anaandika barua. Na barua hizo hizo zinachapwa gazetini! Yaani mtu mmoja ni mhariri mwenza, ripota na muuzaji kwa mpigo, familia yake iko nyumbani inasubiri. Mimi napenda zaidi pale anapoeleza watu weusi wa kila mji, nani ana biashara gani, shule zao zikoje, maana magazeti mengine nani angejisumbua kuyaandika hayo.

Sio kwamba safari zilikuwa salama. Mwaka 1848 akiwa na Charles Langston, mpinga utumwa mwenzake mweusi, walifika Marseilles, Ohio, kundi la wazungu likawazingira hotelini usiku, wamewasha moto nje, wanatishia kuwapaka lami, wakaponea chupuchupu. Na hiyo nayo akaiandika akaituma Rochester, habari ni habari.

Hela sasa, hapo ndo shida. Wa kulipia walikuja kwa kusuasua, Douglass akaweka nyumba yake rehani mwaka huo huo wa 1848. Katikati ya 1849 Delany akajitoa, na sioni cha kumlaumu, unazungukaje miaka na miaka kwa kazi isiyolisha watoto? Aliyekuja kuinyoosha hesabu ni Julia Griffiths, mama wa Kiingereza.

Ila barua hazikuisha. Mwaka 1853 Delany akaandika tena, safari hii anamshambulia Douglass waziwazi kwa kumtegemea mno Harriet Beecher Stowe, mzungu aliyeandika riwaya ya Uncle Tom's Cabin, badala ya kuuliza weusi wenyewe, na Douglass akaichapa gazetini kwake, akamjibu humo humo.