Kishikwambi Kinachojua Majina ya Watoto

Msimu wa kuandaa bajeti umefika, na safari hii nimekabidhiwa kuandika sehemu ya TEHAMA kwa shule zote za msingi za halmashauri yetu, kuanzia zile zilizo kando ya lami iendayo Masasi hadi zile za juu ya uwanda wa Makonde, ambako gari la halmashauri hupanda kwa tabu wakati wa masika. Kila anayesikia kuhusu kazi hii huniuliza swali lile lile: mtanunua kompyuta ngapi? Swali lenyewe si baya. Tatizo ni kwamba likishajibiwa, watu huona mpango umekamilika.

Mimi ni afisa wa vifaa na takwimu, na kutoka kwenye meza yangu naona kwamba teknolojia ilikwisha kuingia shuleni zamani. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilipelekwa kwa walimu nchi nzima. Mapato na matumizi ya shule huingizwa kwenye mfumo wa FFARS, usajili wa wanafunzi huingizwa kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, na takwimu nyingine za shule huingizwa kwenye SIS. Kazi hizi ni za lazima na sizibezi, kwa kuwa bila hizo nisingejua hata madawati yanahitajika wapi. Lakini mwalimu mkuu mmoja wa kata ya mbali aliniambia jambo ambalo limekaa nami tangu siku hiyo: "Afisa, kishikwambi changu kinajua majina ya watoto wote wa shule hii, ila watoto wenyewe hawajawahi kukigusa." Alikuwa ametoka kuteremka mlimani kwa bodaboda, kwa nauli yake mwenyewe, kutafuta mtandao wa kutuma taarifa ambazo mimi ndiye niliyekuwa nikizisubiri. Vifaa tulivyo navyo vinatumikia ofisi. Taarifa hupanda kutoka shuleni kwenda juu, na kinachoshuka kumfikia mwanafunzi wa darasa la nne ni kidogo mno.

Rasimu niliyoikuta mezani iligawa kompyuta mbili kwa kila shule. Mgao wa namna hii hupita kwa urahisi katika Baraza la Madiwani kwa sababu hakuna kata inayonung'unika, na kila mheshimiwa anaweza kurudi kwa wananchi wake akiwa na la kusema. Darasani, hata hivyo, kompyuta mbili mbele ya watoto themanini hazifundishi mtu. Nazo hazitakaa darasani, kwa kuwa chumba pekee chenye nondo madirishani na kufuli la kuaminika ni ofisi ya mwalimu mkuu, na zikishaingia humo zitageuka mashine za kuchapa mitihani ya majaribio. Usawa wa aina hii ni wa kwenye karatasi. Ninachopendekeza ni kuanza na kata nane, kila shule ikipata projekta moja, spika na kompyuta mpakato moja iliyo mikononi mwa walimu wa madarasa, huku kituo cha walimu cha kata kikiwa mahali pa kuhifadhia vifaa vya akiba na kupakulia vitabu.

Nasema kupakulia kwa makusudi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, lakini mpango unaodhani kwamba kila mwalimu atavifungua kwa bando wakati kipindi kinaendelea umeandikwa na mtu asiyelipia bando. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 400 hupokea basi shilingi 2,400,000 kwa mwaka mzima, yaani shilingi 200,000 kwa mwezi, na humo humo zitoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo na umeme wa LUKU. Ndiyo maana nimeandika kwamba vitabu na picha za kufundishia vipakuliwe mara moja kituoni, kisha vipelekwe shuleni kwa flashi. Mei 2024 ilitukumbusha sababu nyingine: Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya kusini eneo la Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikapata hitilafu baharini, intaneti ikayumba nchi nzima. Flashi iliyo kabatini haikuhitaji barabara wala bahari.

Kuhusu mafunzo, nimekataa semina ya siku chache mjini. Septemba walimu wako kwenye mtihani wa darasa la saba, na kuanzia Oktoba minada ya korosho ikianza, sidhani kama yupo mwalimu wa huku, mwenye mikorosho yake, ambaye akili yake yote itakuwa kwenye projekta (wala simlaumu). Jumuiya za ujifunzaji za MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tayari zinawakutanisha walimu katika shule zao wenyewe, na humo mwalimu wa Sayansi aliyefaulu kuonyesha mzunguko wa damu kwa picha anaweza kumfundisha mwenzake kwa somo lile lile watakalolifundisha Jumatatu.

Korosho imeingia pia kwenye ratiba ya fedha. Vijiji kadhaa viko tayari kuchangia LUKU ya shule kwa hiari kupitia serikali ya kijiji, lakini mchango ukiombwa Machi hakuna mwenye kitu. Nimeandika kwamba mazungumzo hayo yafanyike Novemba, wakati malipo ya wakulima yanaingia.

Mahali tusipokubaliana bado ni matengenezo. Nimeomba asilimia kumi ya gharama ya ununuzi itengwe kila mwaka kwa balbu za projekta, betri na fundi, na wenzangu wa mipango wanaona fungu hilo ni kubwa na kwamba lingenunua vifaa kwa kata nyingine. Nitalitetea mbele ya Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Likifutwa, nitaomba tuanze na kata tano badala ya nane, fedha zitakazobaki ziende kwenye matengenezo, na majina ya kata tatu zitakazosubiri nimekwisha kuyaandika kwenye kiambatisho.