Nilivyochagua SSD ya kompyuta yangu ya gemu: tundu kwanza, kasi baadaye

Kompyuta yenyewe ni ya mezani: mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipande vyote) ya B450, prosesa ya Ryzen 5 2600, RAM ya gigabaiti 16 na hadidiski moja ya terabaiti 1 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Kadi ya grafiki ilikuwa bado inatosha. Kilichokuwa kinaudhi ni kusubiri ramani ipakie, na ile hali ya kukimbiza gari ndani ya gemu halafu mji unachelewa kutokea: picha inaganda nusu sekunde, kisha inaruka.

Hilo ni kosa la hadidiski. Kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi mahali faili lilipo, kisha kisubiri sahani izunguke. Mzunguko mmoja peke yake ni milisekunde 8.3; ukijumlisha na kusogea kwa kichwa, kila kipande kidogo kinakula zaidi ya milisekunde 10. SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, hujibu kwa takriban milisekunde 0.1, hata ile ya bei ya chini. Gemu husoma maelfu ya vipande vilivyotawanyika, kwa hiyo faida kubwa iko hapo, wala si kwenye namba nene ya megabaiti iliyochapishwa kwenye boksi. Tusidanganyane lakini: SSD haiongezi fremu kwa sekunde. Kama gemu inakwenda fremu 45 kwa sababu kadi ya grafiki imechoka, itabaki 45.

Kabla ya kwenda dukani nilifungua msinfo32 kwenye Windows (bonyeza kitufe cha Windows na R, andika jina hilo). Ukurasa wake wa kwanza ulinipa majibu mawili: jina kamili la mazabodi, na kama mfumo unawaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta, au kwa njia ya zamani ya Legacy. Kwa jina hilo nilipakua mwongozo wa mazabodi kutoka tovuti ya mtengenezaji na kusoma ukurasa wa matundu ya diski. Usiuruke ukurasa huo. M.2 ni umbo tu la kifaa. Ndani ya umbo hilo kuna SSD zinazoongea SATA (lugha ya zamani ya diski) na nyingine zinazoongea NVMe (lugha mpya yenye kasi, inayopita kwenye barabara ya data iitwayo PCIe), na kuna matundu yanayokubali aina moja pekee. Muuzaji mmoja aliniambia, “Boss, hii M.2 inaingia kompyuta yoyote.” Kuingia itaingia. Kuonekana kwenye BIOS, programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, ni habari nyingine.

Mwongozo wangu ulisema tundu la M.2 linapokea aina zote mbili, kwa NVMe linakwenda PCIe 3.0 ya njia nne, na urefu wake ni 2280, yaani milimita 22 kwa 80. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na onyo: ukitumia tundu hilo, matundu mawili ya SATA yanazimika. Shika hilo, nitalirudia.

SSD ya SATA inaishia karibu megabaiti 550 kwa sekunde. NVMe ya PCIe 3.0 hufika kama 3,500, na ya PCIe 4.0 hufika kama 7,000. Ukitazama namba hizo utadhani ya 4.0 itapakia gemu mara 12 haraka kuliko SATA. Haiko hivyo. Gemu ikishasoma faili, prosesa lazima iyafungue na kuyapanga, na hapo ndipo foleni inapohamia. Kati ya SSD ya SATA na NVMe tofauti huwa ya sekunde chache tu katika gemu nyingi. Kati ya hadidiski na SSD yoyote, ni mbingu na ardhi. Kwa hiyo mwenye mazabodi isiyo na tundu la M.2 asijione amekosa: SSD ya SATA ya inchi 2.5 inamtosha. Akumbuke tu kununua waya wa SATA wa data, maana kwa kawaida haumo ndani ya boksi, na ahakikishe pawa saplai ina kichwa cha SATA kilichobaki wazi.

Baada ya kasi kutoka njiani, nilibaki na mambo matatu. La kwanza ni ukubwa. Gemu za sasa ni nzito: Red Dead Redemption 2 na Baldur's Gate 3 zinaomba gigabaiti 150 kila moja, Starfield 125. SSD ya gigabaiti 500 itameza tatu pamoja na Windows, kisha uanze kufuta. Gawanya bei kwa idadi ya gigabaiti kila unapotajiwa bei. Mara nyingi ya terabaiti 1 hutoka nafuu kwa kila gigabaiti kuliko ya 500. Windows itakuonyesha 931, na hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

La pili ni aina ya seli, na hapa ndipo wengi wanaumia. TLC hubeba biti tatu kwa kila seli, QLC hubeba nne. QLC ni rahisi kwa bei, na kwa kusoma tu hutaona kasoro. Lakini kila SSD ya aina hizi hupokea data kwanza kwenye sehemu ndogo ya kasi. Sehemu hiyo ikijaa, QLC inaweza kushuka hadi mwendo wa hadidiski. Ukinakili gemu ya gigabaiti 150 kwa mkupuo mmoja, utalikuta tatizo hilo. Uimara nao hutofautiana: Crucial P3 ya terabaiti 1, ambayo ni QLC, imepewa kikomo cha kuandikwa terabaiti 220, WD Black SN770 ya ukubwa huohuo, yenye TLC, imepewa 600 na waranti ya miaka mitano. Mchezaji wa nyumbani hafiki hata 220 kwa haraka, ila namba hizo zinakuonyesha mtengenezaji mwenyewe anaiamini bidhaa yake kiasi gani.

La tatu, kashe ya DRAM, yaani kumbukumbu ya kasi ndani ya SSD inayoshika orodha ya mahali data ilipo. SN770 haina, inaazima kipande kidogo cha RAM ya kompyuta. Kwa gemu hiyo inatosha kabisa. Nikaichukua hiyo, ingawa ni ya PCIe 4.0 na tundu langu ni 3.0: inashuka yenyewe hadi kasi ya tundu, na bei niliyotajiwa ilikuwa chini ya zile za 3.0 zenye DRAM. Kwa SATA ningesita zaidi, kwa sababu SSD za SATA haziwezi kuazima RAM, na isiyo na DRAM huchoka mapema ikijaa.

Mimi niko Jinja, duka ni Kampala, na kurudisha kitu ni nauli nyingine. Nilimwomba muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake na kufungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski. SSD mpya inapaswa kuonyesha saa za kuwaka sifuri au karibu na hapo, na data iliyoandikwa karibu na hakuna. Ikionyesha saa 4,000, imetoka kwenye kompyuta ya mtu. Chukua risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda), na ulinganishe namba ya mfululizo (serial) iliyo kwenye boksi na ile iliyo kwenye kifaa. Bei ikikushangaza kwa urahisi, ukifika nyumbani ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, kabla ya kuweka kitu; SSD bandia hudai terabaiti 2 huku ndani zimo gigabaiti chache.

Kuifunga ni kazi ya dakika kumi. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki itoke, gusa chuma cha kasha. SSD inaingia ikiwa imeinama kama nyuzi 30, unaisukuma mpaka meno yake ya dhahabu yapotee ndani ya tundu, unailaza, unaikaza kwa skrubu ya M2 yenye urefu wa milimita 3. Mazabodi za mitumba nyingi hufika bila skrubu hiyo. Mafundi wa laptopu huwa nazo. Usitumie gundi ya karatasi, joto litailegeza. Kama mazabodi ina bati la kupoza, bandua kwanza plastiki nyembamba iliyo kwenye pedi yake, vinginevyo bati linafunika joto badala ya kulitoa.

Niliweka Windows upya badala ya kunakili diski nzima. Leseni imefungwa kwenye mazabodi, hivyo ilijirudisha yenyewe mara tu nilipopata intaneti. Wakati wa kuweka, chomoa waya wa data wa hadidiski ya zamani. Ukiiacha, Windows inaweza kuweka faili zake za kuwashia kule, na siku utakayoitoa hadidiski kompyuta haitawaka. Kama unapenda kunakili na msinfo32 ilikuonyesha Legacy, geuza kwanza mpangilio wa diski ya zamani kutoka MBR hadi GPT, ambao UEFI inauhitaji, kwa amri ya mbr2gpt /convert /allowfullos, baada ya kuijaribu kwa /validate, kisha washa UEFI kwenye BIOS. Amri hiyo hukataa kama diski ina patisheni kuu (vigawanyo vya diski) zaidi ya tatu. Weka nakala ya akiba kabla ya kuigusa.

Nilipochomeka tena hadidiski, haikuonekana. Si kwamba imekufa: waya wake ulikuwa kwenye moja ya yale matundu mawili yaliyozimwa na M.2. Nikauhamishia tundu la kwanza, ikarudi.

Kisha gemu. Kupakua gigabaiti 400 upya kwa bando ni kuchoma pesa. Kwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, tengeneza maktaba mpya kwenye SSD, nakili folda ya gemu iliyo ndani ya steamapps/common pamoja na faili lake la appmanifest lenye mwisho wa .acf, halafu funga na ufungue Steam. Bila faili hilo Steam itadhani gemu haipo. Kwa Epic, duka jingine la aina hiyo, badili jina la folda ya zamani, anza kuiweka gemu kwenye SSD, isimamishe ikifika asilimia mbili au tatu, nakili faili za zamani juu yake, endelea: itakagua badala ya kupakua.

Vipimo vyangu: CrystalDiskMark, programu ya kupima kasi ya diski, ilitoa karibu megabaiti 3,500 kwa sekunde kusoma, Windows sasa inawaka kwa sekunde 15 badala ya zaidi ya dakika, na fremu zilibaki palepale. Naacha asilimia 15 wazi, kwa sababu ile sehemu ya kasi hupungua diski ikijaa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, SSD za nyumbani hazina kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) za kumalizia kazi, kwa hiyo kuna UPS chini ya meza, na kile kisanduku cha Windows kinachozima amri ya kumwaga kwenye diski data inayosubiri ndani ya kashe sikukigusa.