Pete ya Bandia Ilinirudisha Nyumbani, Cherehani Ikanipeleka Lushoto

Nikisema tu kwamba nasafiri peke yangu, naulizwa swali lilelile: "Unaenda na nani?" Nimelisikia tangu nina miaka 29, na sasa nina 34. Baada ya swali hufuata ushauri, na ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kupewa ni wa kuvaa pete ya ndoa ya bandia. Niliufuata, ndiyo maana naandika haya.

Pete aliniletea shangazi, kwa nia njema kabisa. Alisema wanaume wakiiona wataniheshimu. Ilitoka Kariakoo, nadhani Sh 2,000 au 3,000, inang'aa kama dhahabu. Nikaivaa, nikapanda basi la Tanga. Hata Chalinze hatujafika, mama niliyekaa naye kiti kimoja akaiona, akafurahi, akauliza shemeji yuko wapi. Nikasema ni dereva wa malori. Anakwenda wapi? Kongo. Basi hapo ndipo nilipojifunga. Kaka yake naye anaendesha malori ya Kongo, anapitia Tunduma mpaka Kasumbalesa, kwa hiyo lazima wanafahamiana! Yuko kampuni gani? Nikasema lori ni la mtu binafsi. Rangi gani? Nikasema jeupe. Mpigie basi, nimuulize kama amekutana na kaka, maana ana wiki hapatikani. Nikasema simu imeisha chaji, na simu yenyewe ikalia mkononi mwangu.

Tunafika Segera bado namtetea mume ambaye hayupo: kwa nini ananiacha nisafiri peke yangu, kwa nini hatujapata mtoto, kwa nini hata hapigi kuuliza nimefika wapi. Yule mama alikuwa mtu mwema, na kufikia Muheza alishaanza kunionea huruma. Nilipoivua pete Tanga, chini yake kulikuwa na duara la kijani. Jasho lilikuwa limeitoa rangi.

Nikairudisha kidoleni, nikaingia gesti. Mapokezi wakanipa kitabu cha wageni, kile chenye safu za jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi. Kwenye kazi nikaandika "mama wa nyumbani" ili uongo ushikane. Mimi, ninayekata kitambaa kila siku ya Mungu tangu nina miaka 19! Kisha nikajifungia chumbani. Harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa inaingia dirishani, njaa inaniuma, lakini niliona kwenda kukaa mezani peke yangu na pete ile ni kuanza mahojiano upya. Nililala na biskuti na maji. Alfajiri nikapanda basi la kwanza kurudi Dar. Hakuna mtu aliyenifanyia ubaya wowote Tanga, na Tanga yenyewe sikuiona.

Miaka miwili ikapita. Katikati hapo nilihama baraza la watu nililokuwa nashonea, nikapanga fremu yangu Tabata, na cherehani zikawa mbili. Kazi yetu ina misimu yake: Desemba na Januari ni sare za shule, unashona mpaka usiku wa manane; Februari wazazi wamemaliza pesa zote kwenye ada na fremu inakuwa kimya. Februari hiyo nilivunja kibubu nikaamua kwenda Lushoto. Sikumuomba mtu ruhusa wala nauli. Nilimwachia ufunguo msaidizi wangu, nikampa mdogo wangu namba za basi.

Kitu nilichokifanya vizuri kuliko vyote ni mfuko. Watu wanasema ficha pesa kwenye sidiria, halafu ukitaka kulipa maji stendi unaanza kuhangaika mbele ya watu. Mimi nilifumua mkanda wa sketi upande wa kushoto, nikapachika kwa ndani mfuko wa kitambaa cha pamba wenye zipu ya inchi nne, mdomo ukitazama tumboni na siyo juu. Ukikaa, mwili wenyewe unaufunga. Pindo zote nilizipiga mshono mara mbili, na noti nikazitia kwanza kwenye nailoni, maana jasho la Dar mwezi wa pili linalowesha kila kitu. Pesa ya njiani ilikaa kwenye pochi ya kawaida, kidogo tu. Mfuko wa ndani niliufungua chumbani, mlango umefungwa.

Basi lilitoka alfajiri, kwa sababu sikutaka kufika ugenini usiku. Ukifika Mombo barabara inaanza kupanda mlima kwa kona, inapita Soni, na hewa inabadilika dirishani hadi unatafuta kanga ya kujifunika. Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, na walikuwa wakija huku kulikimbia joto la pwani. Niliwaelewa.

Gesti, kitabu kilekile, safu zilezile. Chumba kilikuwa Sh 20,000 na kitu. Kwenye kazi nikaandika FUNDI CHEREHANI, kwa herufi kubwa. Dada wa mapokezi akasoma, akaniangalia, nami nikasubiri lile swali. Akauliza, "Unashona na magauni ya vitenge?"

Jioni nilikwenda kula kwa mama lishe, na huu ndio ushauri wangu kwa anayeogopa kula peke yake: usikae pembeni kabisa kama anayejificha, kaa karibu na majiko. Nikatoa shikamoo, nikasema nimetoka Dar kuja kupumzika. "Na nani, mwanangu?" "Peke yangu, mama." Akanipakulia wali maharage na mchicha, akaniambia kesho kama naenda Irente nitangulie asubuhi kabla ukungu haujapanda. Hakuwa na swali jingine.

Nilikwenda kwa miguu, nikiongozana na wanawake waliobeba kuni. Njia inaishia kwenye jabali, na mbele yako ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa kuna mashamba ya mkonge na ile barabara ya lami, imekuwa nyembamba kama uzi, mabasi yanatambaa juu yake. Nilikaa kama saa mbili. Sikupiga picha nyingi. Nilikuwa natafuta kwa macho mahali basi langu lilipopita.

Nilirudi Dar na vipimo vya dada wa mapokezi na vya rafiki yake, vimeandikwa nyuma ya risiti ya chumba. Gauni la kwanza nililituma kwa basi. La pili limebaki pindo tu, na hilo nitalipeleka mwenyewe.