Mita ya Chini ni ya Mtaa

Ukitaka kuujua ukuta, utazame jua likiwa limelala, asubuhi au jioni, mwanga ukiuparuza kutoka ubavuni. Saa sita mchana kila ukuta unaonekana laini. Jua likishuka, kila kovu linatoa kivuli chake: lipu iliyopigwa kwa haraka, kiraka pale bomba lilipopita, mawimbi ya mwiko, nyufa nyembamba kama unywele. Picha kubwa ya mtaani huanzia hapo, kabla kopo lolote halijatikiswa. Ninazidi kuamini kwamba tunaisifu mno picha na kuusahau ukuta ulioibeba, pamoja na watu wanaopita mbele yake wakienda kazini na kurudi. Ukuta na wapita njia ndio wanaoamua kama picha itaishi miaka au miezi.

Anza na kiganja. Kipitishe ukutani kwa nguvu kidogo. Kikitoka na ungaunga mweupe, rangi ya zamani imeshachoka: gundi iliyokuwa ikiishika imeliwa na jua. Rangi mpya ikipakwa juu yake itashika unga, haitashika ukuta, na siku ikibanduka itabanduka kama ngozi. Halafu bandika selotepu, isugue kwa ukucha, ivute kwa ghafla. Ikitoka na vipande, hapo pana kazi ya brashi ya waya na msasa hadi sehemu ngumu ipatikane. Mwisho, kata kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, kibandike kingo zote nne na ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa ndani, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, na hapo usipake chochote.

Hili la maji nalirudia kwa sababu ndilo linaloua picha nyingi kuliko mvua inayopiga kwa mbele. Maji ya ndani hutembea na chumvi zilizo kwenye saruji na matofali. Yakifika usoni hukauka, chumvi hubaki, nayo hukua nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Kwanza unaona malengelenge madogo, kisha poda nyeupe, kisha shavu la mtu aliyechorwa linaanguka kipande kizima. Watu hukimbilia kuosha chumvi hiyo kwa maji, na hapo wanaiyeyusha na kuirudisha ndani. Isugue kwa brashi ikiwa kavu, tafuta chanzo, iwe ni mfereji wa paa uliotoboka, bomba linalovuja au udongo uliorundikwa upande wa pili, kisha subiri. Lipu mpya nayo ina masharti yake. Ipe siku 28. Saruji mbichi ina ukali wa magadi, na rangi ya mafuta ikikutana nao hugeuka sabuni, kwa maana halisi ya neno: inalainika, inanata, inatoka. Tumia praima, yaani rangi ya msingi, ya maji inayostahimili ukali huo, na rangi za akriliki juu yake.

Hesabu ya rangi si ngumu, lakini huharibu bajeti za wengi. Ukuta wa mita 8 kwa 3 ni mita za mraba 24. Kwenye lipu laini lita moja ya akriliki hufunika mita 8 hadi 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Lipu ikiwa ya mchanga mkavu inaweza kunywa karibu mara mbili ya hapo. Kopo la kupuliza la mililita 400 hufunika mita moja hadi mbili tu za mraba. Kwa hiyo anayejaza mandhari nzima kwa makopo anachoma fedha na mapafu yake. Rola ijaze maeneo makubwa, kopo libaki kwa vivuli, ukungu wa mashavuni na mistari inayotaka kasi.

Kuhamisha mchoro mdogo hadi ukuta mkubwa kuna njia nyingi, na ninayoipenda ni ile ya michoro holela. Badala ya kupima miraba kwa kamba, ambayo hupotoka penye madirisha na mabomba, unaujaza ukuta alama zisizo na mpangilio: herufi, duara, mizunguko, namba, kila moja tofauti na jirani yake. Unapiga picha ukiwa umesimama mkabala na katikati ya ukuta, simu ikiwa imenyooka bila kuinama. Kisha kwenye programu ya picha unaulaza mchoro wako juu ya picha hiyo ukiwa na uwazi wa nusu, alama zionekane chini yake. Sasa unajua kwamba pembe ya jicho la kushoto inapita juu ya mkia wa herufi fulani, na kidevu kinagusa duara fulani. Hakuna kipimo. Kinachoharibu ni kupiga picha kwa upande, au kutumia lenzi pana inayopinda kingo. Na alama zichorwe kwa rangi hafifu, kwa sababu nyeusi hupenya hadi mkono wa tatu.

Siku hizi nyuso za wanamuziki, wachezaji na wahusika wa filamu zimejaa kutani, na mtu akipita anatoa simu. Hilo linabadilisha kazi. Simu ya kawaida ikishikwa kwa ulalo inahitaji kurudi nyuma mita 6 hivi ili kuubeba ukuta wa mita 8. Kama barabara ina upana wa mita 4 na ng'ambo kuna ukuta mwingine, hakuna atakayeipata picha nzima. Atapiga kwa upande, na uso ulioupima kwa makini utatoka umebanwa kama karatasi iliyokunjwa. Kwenye uchochoro kama huo ni bora kuchora vitu kadhaa vinavyofuatana, kila kimoja kikijitosheleza, kuliko uso mmoja mkubwa. Acha pia nafasi tupu ya kimo cha mtu, maana watu watasimama mbele ya picha. Kichwa cha mpita njia kikifunika mdomo wa mwimbaji, picha zote zitakazosambaa zitakuwa bila mdomo.

Uso wenyewe una mtego wake. Macho hukaa katikati ya kichwa, nusu ya urefu kutoka kidevuni hadi utosini, lakini mkono wa karibu kila anayeanza huyapandisha juu na kulikata paji. Tena uso ulio juu hutazamwa kutoka chini: kidevu huonekana kikubwa, paji hufupika. Ongeza urefu kidogo kadiri unavyopanda, kisha shuka jukwaani, vuka barabara, tazama. Ukiwa umesimama sentimita 40 kutoka ukutani unaona tundu la pua tu, na hakuna ustadi unaofuta ukweli huo.

Mchoraji wa Marekani Keith Haring aliielewa barabara vizuri sana. Kati ya 1980 na 1985 alichora kwa chaki nyeupe kwenye karatasi nyeusi zilizofunika nafasi tupu za matangazo katika vituo vya treni za chini ya ardhi vya New York. Mstari mmoja mnene, maumbo machache, hakuna kivuli. Mtu anayekimbilia treni aliyasoma kwa sekunde mbili. Jijini Paris, mchoraji Blek le Rat alianza mwaka 1981 kuweka panya kwa stensili, karatasi iliyokatwa umbo la kupulizia rangi, na stensili nayo ni jibu la swali la muda: kazi ya saa nyingi hufanyika mezani, ukutani dakika chache tu. Kanuni yake moja ni madaraja. Kila kisiwa cha karatasi, kwa mfano tumbo la herufi O, kishikwe na kijidaraja kisichopungua milimita 3, la sivyo kinaanguka. Puliza moja kwa moja mbele, si kwa mshazari, tabaka jepesi mara tatu. Ukipuliza tabaka zito mara moja, rangi hujipenyeza chini ya karatasi na kingo zinatoka zimevimba.

Kuhusu kopo, mambo ni machache lakini hayasameheki. Tikisa dakika mbili nzima baada ya gololi kuanza kulia. Kwa mstari mwembamba sogea hadi sentimita 2 au 3 na mkono uende haraka. Kwa kujaza rudi sentimita 20 hadi 30. Rangi ikichuruzika, usilaumu kopo: ulikuwa karibu mno au ulisita. Usiifute ikiwa mbichi. Iache ikauke, kisha ifunike kwa rangi ya nyuma. Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini na puliza hadi itoke hewa tupu, pua isizibe. Kopo baridi hupoteza nguvu na kutema matone, na lililoachwa juani likapita nyuzi 50 linaweza kulipuka. Gesi inayosukuma rangi mara nyingi ni propani na butani, kwa hiyo moto wa sigara ukae mbali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Inatakiwa ya mpira yenye vichujio vya mvuke na vya chembe, alama A2 na P3.

Sasa ile mita ya chini. Ukiangalia picha iliyokaa miaka michache, utakuta juu iko salama na chini imechakaa, na uchakavu huo unasomeka kama daftari. Kuna mstari wa matope ya mvua inayoruka kutoka ardhini. Kuna alama ya soli katika kimo cha goti, kwa sababu anayesubiri mtu huegemea ukuta na kukunja mguu mmoja. Juu kidogo kuna mkwaruzo wa mpini wa baiskeli, kisha utando wa mafuta pale mabega na mabegi yanapopita. Hayo si uharibifu. Ni mtaa unaishi, nami ningesikitika kuona ukuta usioguswa na mtu. Ila mchora anaweza kujipanga: chini kuwe na umbo pana, rangi ya giza au ya udongo, bila uso, bila herufi ndogo. Ipakwe mikono miwili ya vanishi hadi mita moja na nusu. Vanishi iwe inayopumua, maana poliurithani nzito juu ya ukuta wenye unyevu huufungia maji ndani na kurudisha yale malengelenge. Palipo na tabia ya kuandikwa majina, nta ya kujitoa mhanga inafaa zaidi: huoshwa kwa maji ya moto pamoja na maandishi, kisha hupakwa upya.

Jua nalo huchagua. Rangi zinazong'aa kama taa hufa kwanza, wakati mwingine ndani ya miezi. Soma alama nyuma ya kopo: PR101 na PY42 ni madini ya chuma, nyekundu na njano za udongo zisizotishwa na jua. PB15 ni bluu imara, PW6 nyeupe, PBk7 nyeusi. Nyekundu kali isiyo na alama yoyote usiiweke ukuta unaotazama jua la mchana.

Ruhusa iandikwe, na iseme picha itakaa muda gani na nani ataitengeneza. Huko New York, mwenye jengo la 5Pointz alizipaka nyeupe kazi za wachoraji usiku mmoja wa 2013. Mwaka 2018 mahakama ilimwamuru alipe dola milioni 6.75 kwa kazi 45, na moja ya sababu ni kwamba hakuwapa taarifa ambayo sheria iliitaka.

Rangi zinazobaki zihifadhi kwenye vichupa vidogo vilivyojaa hadi mdomoni, hewa isipate nafasi, na kila kimoja kiandikwe alama ya rangi, tarehe na sehemu ya picha. Ukirudi baada ya miaka miwili kuziba mkwaruzo, rangi ileile itaonekana kama plasta ya kidonda, kwa kuwa jirani yake imeshapauka. Usiguse doa peke yake. Paka umbo zima upya, hadi kwenye ukingo wake, hapo jicho halitaona kiungo.