Shubiri Moja

Mei 2014 mjomba wangu alikuja Minneapolis, Marekani, kwa harusi ya binti yake. Alikuwa amepiga rangi magari Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka thelathini, kwenye gereji ya mabati ambayo mimi nikiwa mdogo nilitumwa kumpelekea chai ya saa nne. Alifikia kwetu. Asubuhi moja akanikuta nje ya nyumba nimechuchumaa mbele ya gurudumu, nabandua utando mweusi kwa kucha, unatoka vipande vipande kama ukoko wa sufuria.

"Mjomba, unafanya nini?" Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo.

Nikamweleza. Huku majira ya baridi humwagwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi ile ilikuwa imezila rimu za Corolla yangu ya mwaka 2005 hadi zikawa na ukurutu mweupe. Fundi mmoja alitaka zaidi ya dola 400 kuzitengeneza zote nne. Nikanunua makopo ya Plasti Dip, mpira wa majimaji unaopulizwa kama rangi, ukikauka unakuwa ngozi, na siku ukiuchoka unaubandua. Nilikuwa nimejaribu rimu moja. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, niliupiga mzito, ukachuruzika. Mikono iliyofuata nikaipiga kwa kubania ili kopo litoshe. Penye michirizi pakawa pabaya, penye wembamba pakawa hapabanduki.

Mjomba alilichukua kopo akaligeuzageuza. "Rangi inapigwa ili ibanduke?"

Niliona jambo lile limemgusa mahali. Maisha yake yote alipigana na rangi inayobanduka. Tanga ina jua na upepo wa chumvi wa baharini, na gari likirudi limefura malengelenge kwenye boneti alilipiga msasa upya bila kudai senti, huku mkewe akilalamika. Nilipomwambia kwamba dawa ile inatengenezwa Blaine, mji wa jirani kaskazini yetu, na kwamba mwanzo ilikuwa ya kuchovyea mipini ya vifaa ili isiteleze mkononi, akatulia kidogo. Koleo zake zote za Tanga zimeviringishwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hilo alilielewa.

Kisha akakunja mikono ya shati.

Tukaanza upya. Kwanza sabuni ya vyombo, mara mbili, hadi ule unga mweusi wa breki ukaisha kwenye kona za ndani. Lami iliyoganda akaitoa kwa kitambaa chenye thina. Kwenye ukurutu akapitisha msasa wa maji, taratibu, akisikiliza kwa vidole zaidi ya macho. Baada ya hapo spiriti, na tangu hapo hakuniruhusu kugusa rimu kwa mkono mtupu. Matundu ya nati akayaziba kwa magazeti yaliyofinyangwa. "Nati ikikalia mpira badala ya chuma, italegea njiani." Mimi kuyaziba sikukumbuka kabisa kwenye rimu ile ya kwanza, na mpaka leo nikifikiria barabara kuu na watoto waliokaa nyuma, mwili unanisisimka.

Tairi tulilikinga kwa karata, tukizichomeka moja moja kati ya mpira na ukingo wa rimu, duara zima. Hewa ilikuwa bado ya baridi, basi tukayatia makopo kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu ili yapulize vizuri. Tukavaa barakoa, maana harufu yake ni kali na mvuke wake unashika moto.

Akatanua kiganja, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, akakiweka kati ya kopo na rimu. "Shubiri moja. Usisogee, usirudi nyuma. Mkono wa kwanza uwe kama jasho la mtungi, chuma bado unakiona." Nikapuliza. Akanishika kiwiko, akanifanya nianze kubonyeza kabla ya kufika kwenye rimu na kuachia baada ya kuipita. Alikuwa hajawahi kunigusa hivyo tangu aliponifundisha kuendesha baiskeli.

Kati ya mkono na mkono tulingoja nusu saa. Katika nusu saa zile alinisimulia gari la kwanza alilokabidhiwa peke yake, Peugeot 404 ya mwalimu mmoja, na jinsi alivyolala gerejini usiku ule ili awafukuze mbu wasitue kwenye rangi. Tulipiga mikono sita. Wa mwisho akaupiga yeye, mzito kuliko yote, bila mchirizi hata mmoja, na mzee yule hakuwahi kushika kopo la kupuliza kabla ya siku ile, ni bunduki ya rangi tu na kompresa.

Rimu zilikaa nyeusi kwa misimu miwili ya theluji. Nilipozibandua mwaka 2016, ukingo ulinyanyuka, nikavuta polepole, na ngozi ikatoka nzima na mikono yake yote. Nikampigia kumwambia. Akanyamaza, kisha akauliza kama nimeitupa.

Niliikunja, nikampa mtu aliyekuwa anasafiri. Sasa imepigiliwa msumari kwenye ukuta wa gereji, Ngamiani, juu ya koleo zake.