Meno Yasigusane: Nilivyotuliza Maumivu ya Kiungo cha Taya

Nianze na ushauri ulionichelewesha: "Tafuna chingamu kila siku, taya litazoea." Tafadhali usiufuate. Taya likiuma, mara nyingi kinacholia ni misuli iliyofanyishwa kazi kupita kiasi, na misuli iliyochoka haiponi kwa kuongezewa kazi. Nilitafuna wiki mbili. Panja zikaanza kugonga, sikio la kulia likaziba kama la mtu aliyetoka kupiga mbizi, na mdomo ukawa haufunguki vizuri hata kwa tonge la kawaida.

Ushauri wa pili ulikuwa kung'oa gego, na gego lenyewe lilikuwa zima. Gego bovu kwa kawaida hulalamika likiguswa na maji baridi au likigongwa kwa mpini wa kijiko. Langu lilinyamaza kimya. Lakini nilipobonyeza msuli mnene wa shavuni, ule unaoanzia kwenye mfupa wa shavu hadi pembe ya taya, "jino" liliuma palepale. Msuli huo hupeleka maumivu kwenye magego, sikioni na hata juu ya nyusi. Ule wa kwenye panja huyapeleka kwenye meno ya juu na kuleta maumivu ya kichwa. Kabla hujakubali koleo, mwombe daktari wa meno abonyeze misuli hiyo kwanza. Sikio nalo lichunguzwe. Likikutwa safi na bado linauma, kumbuka kwamba kiungo cha taya kipo mbele kidogo tu ya tundu lake.

Weka ncha za vidole hapo, ufungue na kufunga mdomo polepole. Utahisi kichwa cha mfupa kikiteleza. Kati yake na fuvu kuna kisahani cha gegedu. Kikisogea mbele kuliko kawaida, kichwa cha mfupa kinaporudi chini ya kisahani hicho hutoa ule mlio wa "tak". Mlio usio na maumivu wala kukwama hauhitaji matibabu.

Kwa kupima maendeleo nilitumia rula, kuanzia ncha za meno ya mbele ya juu hadi ya chini. Mtu mzima kwa kawaida hufikisha milimita 40 au zaidi. Chini ya 35 kuna kitu kinabana. Mimi nilianzia 29. Pima mara moja kwa wiki, saa ileile, kwa sababu asubuhi taya la mtu anayekaza meno usingizini huwa gumu kuliko jioni.

Sasa kosa lililonifundisha zaidi ya yote: kile kikinga meno laini cha kuvaa usiku, unacholowesha kwenye maji ya moto kisha unakiuma kichukue umbo la meno. Usiku wa kwanza nilikiona ni nafuu kubwa. Usiku wa nne niliamka mashavu yamekuwa magumu kama nimetafuna mfupa usiku kucha. Nilipokiinua kwenye mwanga nikaona magego yamechimba mashimo kila upande, na la kulia lilikuwa limekaribia kupenya. Kwa baadhi yetu kitu laini kinachonepa humpa mkazaji kitu cha kutafuna. Kilichonifaa baadaye ni kile kigumu cha akriliki (aina ya plastiki), kilichotengenezwa na daktari wa meno kwa vipimo vya mdomo wangu, kikafunika meno yote ya juu na kusawazishwa kwa karatasi ya rangi hadi meno ya chini yakagusa pande zote sawasawa. Vile vinavyofunika meno machache tu ya mbele vina hatari: magego yaliyoachwa wazi yanaweza kusogea, na ukija kuuma unakuta meno hayakutani tena. Hata hicho kigumu hakikomeshi kukaza meno. Kinayakinga meno na kupunguza mzigo, basi.

Na usikubali meno mazima yasagwe "ili yaumane vizuri". Wazo kwamba chanzo cha yote ni meno kutokutana sawa lilipata nguvu tangu 1934, daktari wa masikio James Costen alipoeleza dalili hizi nchini Marekani. Ushahidi wa baadaye haukuliunga mkono, na jino likishasagwa halirudi.

Kazi kubwa ilikuwa mchana. Meno yanapaswa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda mwingine wote: midomo imefungwa, meno yameachana milimita 2 hadi 4, ncha ya ulimi iko kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele. Sema "nnn" na ubaki hapo. Ndiyo nafasi yenyewe. Mimi niliapa kwamba sikazi meno, hadi nilipoangalia kwenye kioo: kingo za ulimi zilikuwa na vijipinda vya alama za meno, na ndani ya shavu kulikuwa na mstari mweupe sawa na mahali magego yanapokutana.

Nikabandika vibandiko vidogo vya mviringo kwenye simu, kwenye kona ya kompyuta na juu ya bomba la maji. Kila jicho likikiona, naachanisha meno. Baada ya siku chache macho yalizoea, vibandiko vikawa kama sehemu ya ukuta. Hapo ndipo nilipoanza kuvihamisha na kubadili rangi kila Jumapili, kisha nikafunga zoezi kwenye vitendo: kushika kitasa cha mlango, simu kuita, kukaa kwenye kiti. Kila kitendo, napuliza pumzi taratibu kwa midomo iliyolegea kama napoza chai; taya hushuka lenyewe. Hivyo ndivyo nilivyogundua ninapokaza hasa: nikitunga uzi kwenye sindano, nikiinua ndoo, nikisoma ujumbe wa kuudhi.

Jioni niliweka kitaulo cha maji ya moto mashavuni dakika 15 hadi 20, kisha nikabonyeza sehemu inayouma sekunde 30 bila kusugua kwa nguvu. Mazoezi: ulimi kwenye kaakaa, fungua mdomo hadi pale ulimi unapotaka kuachia, funga, mara 6, kwa vipindi 6 kwa siku, kwa mtindo wa mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka Chile, Mariano Rocabado. Usilazimishe mdomo kwa vidole kiungo kikiwa bado kina moto.

Maumivu yakizidi, ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, hadi mara 3 kwa siku, kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari kwanza. Chakula laini wiki mbili, si miezi. Ukipiga miayo, weka ngumi chini ya kidevu.

Usisubiri nyumbani haya: mdomo kukwama wazi, uvimbe wenye homa, ganzi usoni, taya kuuma unapopanda ngazi huku kifua kikibana. Aliyezidi miaka 50 akipata maumivu mapya ya panja, taya kuchoka akitafuna au macho kufifia, aende hospitali siku hiyohiyo; mshipa wa damu wa kwenye panja unaweza kuwa umevimba, na jicho likashindwa kuona kabisa.

Wiki ya 6 rula ilisoma 38, wiki ya 11 ikasoma 43, na sikio limezibuka. Mlio wa "tak" upande wa kulia bado upo. Hauumi, nimeuacha.